Kiama cha Mbu na Banda la Vifaranga

Mtaa mzima walimwita Kiama, na jina hilo alijipa mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kupuliza dawa ya mbu kwenye kuta za watu: bomba mgongoni, kitambaa puani, na maneno mengi kuliko dawa. Kila nyumba aliyomaliza aliwaambia wenye nyumba walale madirisha wazi, maana mbu wakisikia jina lake wanaandika wosia.

Kwake alipuliza mara mbili, kwa mapenzi. Halafu akakitoa chandarua kitandani, akafunikia banda la vifaranga, mwewe wasimtie hasara. Mkewe alikuwa na mimba kubwa. Kila asubuhi alimwonyesha mikono iliyojaa vipele, akidai chandarua chake. Kiama akasema hao ni viroboto. Mbu si wamekufa, sasa wanamng'ataje mtu?

Basi siku dada wa maabara alipopita kupima kama dawa bado inaua, nani alijitolea kutoa ukuta wa chumbani kwake? Na majirani akawaita, washuhudie. Dada akabandika kikombe cha plastiki ukutani, akaingiza mbu ndani. Kiama akaanza kuwasimulia watu jinsi mbu wanavyokufa, huku wenyewe wanatembea tu. Mmoja akanyoosha mguu wa nyuma kama mtu aliyeamka usingizini.

"Hawa wako umewalisha nini?" Kiama akauliza.

"Sijawalisha mimi, kaka. Nimewakamata asubuhi dirishani kwako."

Dada akaondoka nao kwenye kikopo. Kesho yake akawarudisha kuwaonyesha watu, wanaruka wazima wazima. Akaeleza kwamba dawa ni ile ile miaka yote: dhaifu walikufa, waliobaki wakazaa wenzao wa kufanana nao. Wamekuwa sugu.

Kiama akajishika begani, pale mkanda wa bomba ulipomwachia sugu yake. Kumbe kazi moja imewakomaza wote, yeye na mbu, ila wenzake hawakubeba mzigo.

Mkewe alingoja watu watoke.

"Mume wangu, vifaranga wako wamelala salama siku zote. Sasa zamu ya mwanao."

Kiama akainuka. Akaenda bandani, akakifungua chandarua, akakikung'uta mavi ya kuku, akakaa na beseni uani anafua. Sindano na uzi aliviweka pembeni, kwa ajili ya matundu.

Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Kiama, vipi leo?"

"Kiama kimeahirishwa," akasema, akaendelea kusugua.