Nani Atainua Swichi Kuu?

Ni mwaka 2022, msimu wa mvua kubwa. Kengele ya shule haijapigwa bado, lakini mtunza maabara amekwisha kufungua madirisha, kufuta meza na kupanga betri za tochi mbili mbili.

Anachukua waya, anaukagua, anausogeza kwenye ncha ya betri, kisha anasita. Anafuta jasho la viganja kwenye koti lake jeupe, anajaribu tena. Balbu ndogo inawaka, naye anashtuka kana kwamba hakuitarajia.

"Nimezeeka katika kazi hii," anasema. "Leo naogopa betri za tochi. Ukisikia aibu, ndiyo hiyo."

Wanafunzi humwita Mama Saketi, na jina hilo hakupewa bure. Darasa la kidato cha pili lina wanafunzi sitini, na balbu zilizo nzima ni tisa. Mwalimu akimaliza kueleza ubaoni, yeye huzunguka kutoka kundi hadi kundi, akiwaonyesha kwa vitendo.

Somo lake la kwanza halibadiliki. Mkondo wa umeme, huwaambia, ni chaji zinazotembea. Hutoka upande mmoja wa betri, hupita ndani ya waya na balbu, hurejea upande wa pili. Njia hiyo nzima ndiyo saketi. Ikikatika mahali popote, hata kwa upana wa unywele, mkondo husimama.

Ili kuwatoa woga, alikuwa akiwaambia washike ncha tupu za waya kwa vidole. Walishika huku wamefumba macho. Hakuna lililotokea, na darasa zima lilicheka.

"Hapo ndipo nilipokosea," anasema bila kutafuna maneno. "Niliwatoa woga kabla ya kuwapa sababu."

Sababu ilikuwa ni somo la juma lililofuata. Betri mbili za tochi zina volti tatu tu. Volti ni msukumo, na msukumo huo mdogo hauwezi kupitisha mkondo wa kudhuru katika ngozi ya mikono ya mwanadamu. Umeme wa ukutani una volti zaidi ya mia mbili. Kwa macho, waya ni ule ule.

Binti wa kaka yake, mwanafunzi wa darasa hilo hilo, hakulingoja somo hilo. Jumamosi moja, mvua ikinyesha, alifunga nyaya mbili kwenye balbu ndogo na kuzipeleka kwenye soketi ya chumbani, ameshika ncha tupu kwa vidole. Alitaka kujua itang'aa kiasi gani. Alikuwa ametoka kufua. Mikono ilikuwa mibichi, na miguu peku ilikanyaga sakafu yenye maji.

Waya wa kwanza kuingia ulitosha. Umeme wa ukutani huweza kurejea kupitia ardhini, na njia ya kufikia ardhi ilikuwa ni mwili wake.

"Sikuhisi kwamba nimepigwa," anasimulia msichana huyo, mkono wa kulia ungali umefungwa bendeji. "Nilihisi nimeshikwa. Nikataka kuachia, vidole vikakataa. Nikataka kumwita mama, sauti haikutoka."

Katika kuhangaika, waya wa pili nao ukaingia. Balbu ikapasuka, nyaya zikagusana, mkondo mkubwa ukapita ghafula, na swichi kuu iliyo juu ya mlango wa sebule ikaanguka yenyewe. Nyumba ikazimika. Msichana akaanguka chali, vidole viwili vimeungua, yu hai.

Tangu siku hiyo swichi hiyo haijainuliwa.

Mama wa msichana, ambaye ni mshonaji, amekataza mtu yeyote kuigusa. Cherehani yake ya umeme imefunikwa shuka. Anashona kwa ile kuukuu ya kuzungusha kwa mkono, na baadhi ya wateja wamekwisha kuchukua vitambaa vyao. Binti amehamishia godoro sebuleni, mbali na soketi, na amekataa kukanyaga maabara. Mtihani wa vitendo u karibu. Asipoufanya, somo la fizikia limempita.

Mume wa mshonaji, dereva wa lori, alipiga simu kutoka safarini akimtaka awashe umeme.

"Nilimwambia, njoo uwashe mwenyewe, baba watoto," anaeleza mshonaji. "Mimi mtoto wa akiba sina."

Kwa wifi yake, mtunza maabara, alikuwa na maneno mazito zaidi. "Wifi, huyu mtoto alikuwa anaogopa umeme kama watu wote wenye akili. Wewe ndiye uliyemtoa woga. Basi nyumba hii umeizima wewe, na utaiwasha wewe. Hilo tunakudai."

Mtunza maabara alikubali deni. Kulilipa kukamshinda.

"Nikifika kwenye kona ya nyumba ile, nasimama," anasema. "Nawaza, je, kama kuna waya ulioungua ndani ya ukuta? Niinue swichi, nimalize nilichokianza? Nimegeuza njia mara nyingi, nikasingizia mvua."

Hatimaye amekuja katika nyumba hiyo, pamoja na fundi umeme, mtu mwenye mwili mkubwa na maneno mengi. Ni adhuhuri, mawingu yametanda. Fundi anafungua soketi, anatoa mabaki meusi ya nyaya, anafunga soketi mpya, kisha anapima nyaya za ukutani moja baada ya nyingine. Mshonaji amesimama nyuma yake na ndoo ya mchanga.

"Mama, ndoo ya nini hiyo?"

"Ya kukuzima wewe, fundi, ukishika moto."

"Basi ungeleta mbili. Mimi mnene."

Hakuna anayecheka, hata yeye mwenyewe. Anapima tena mahali alipokwisha kupima. "Nyaya za ukutani ni nzima," anasema mwishowe. "Niinue?"

"Usiguse," anajibu mtunza maabara. "Deni si lako."

Anasogeza kiti chini ya swichi. Hapandi. Msichana amesimama nje, kizingitini, mkono wenye bendeji kifuani.

"Shangazi, kwa nini umeme uliniachia?"

"Kwa sababu njia ilikatika. Watu husema umeme umemla mtu. Umeme hauli, hupita. Hauna hasira wala huruma. Swichi hii ilipoanguka, ukakosa pa kupita. Hii unayoiogopa ndiyo iliyokuachia."

"Na ukiiinua?"

"Njia itaunganika tena. Mkondo utapita ndani ya waya, maadamu hakuna aliyeupa njia nyingine."

"Naogopa."

"Nami naogopa, mwanangu. Uogope vivyo hivyo, ila ujue unaogopa nini."

Sasa mipango yake yote imejengwa juu ya neno hilo. Muhula ujao hataanza na betri. Ataanza na ukuta: soketi, maji, mkono mbichi, mguu peku. Akishahakikisha kwamba kila mmoja wa wale sitini anaweza kueleza kwa kinywa chake kwa nini soketi si betri, ndipo atagawa balbu. Mwalimu amekwisha kukubali.

Anavaa viatu vyenye soli ya mpira, anafuta viganja kwa kanga ya wifi yake, anavifuta tena. Anapanda kiti. Mshonaji anamvuta binti yake nyuma kwa kola ya gauni. Fundi anarudi nyuma hatua moja.

Mkono unapanda, unasimama karibu na swichi, unarudi. Unapanda tena.

"Mungu wangu," ananong'ona mtunza maabara, na kuinua.

Mlio mmoja mkavu. Taa ya sebule inawaka.

Wote wanasikiliza ukuta. Hakuna moshi, hakuna harufu. Juu ya kiti mwanamke huyo bado ameinua mkono, macho ameyafumba. Msichana anaponyoka mkononi mwa mama yake, anavuka kizingiti, anaingia kwenye mwanga na kumshika shangazi yake kiunoni.

Mshonaji anaiweka ndoo chini.

"Shuka, wifi," anasema. "Umelipa."