Masikio ya Yakubu

Siku ya kwanza nilimwambia Yakubu alale, naye akalala kifudifudi, uso ndani ya maji, mikono mbele kana kwamba ameshika bunduki. Nikamwinua. Nikamwambia tena, "Lala, mzee, lala mgongo." Aliposikia neno la kwanza tu alikuwa ameshajitupa kwa tumbo. Mara ya tatu alikunywa maji ya kutosha, nami nikakasirika, maana niliacha chai yangu ikipoa kwa ajili yake.

"Mwalimu, wewe nasema lala," aliniambia akikohoa. "Lala iko hii."

Hapo nikagutuka. Kiswahili chetu huku West Nile kilitembea na jeshi, na Yakubu alitumikia jeshi miaka ishirini na mmoja. Kwake lala haikuwa na kitanda wala mto. Ilikuwa amri ya kujitupa chini kabla risasi haijafika. Mimi, mtoto wa wakulima wa Manibe niliyejifunza kuogelea shuleni Kampala, nilikuwa namfokea mtu kwa kosa la kutii.

Yakubu ni Mnubi wa Koboko, ana miaka hamsini na mbili, na huu ni mwaka wake wa tisa kuwa askari wa geti katika hoteli hii ya Arua ninapofundisha kuogelea. Anaishi katika chumba kilichoshikana na geti. Mkataba wake ni wa siku zote saba. Mwisho wa mwezi anapewa siku moja kwenda kumwona Fatumah, mkewe. Koboko si mbali, lakini mwenye siku moja kwa mwezi ni kama anaishi ng'ambo. Aliniambia kwamba siku hizi Fatumah anamtolea vikombe vya wageni. Alisema akicheka, mimi sikucheka.

Ndipo Robert, meneja wetu, akatangaza kwamba anatafuta mwangalizi wa bwawa. Kazi ya mchana, siku mbili za mapumziko kila wiki, na kulala kwako. Sharti lilikuwa moja: kuogelea mgongo mita ishirini bila kusimama, maana anayemvuta mtu aliyezidiwa na maji huogelea hivyo. Yakubu alikuja kwangu jioni ileile, kofia mkononi. Tulikuwa na wiki tatu.

Neno lala nikalifuta. "Weka mgongo kwa maji," nikamwambia, "kama unaweka kwa ukuta." Hilo alilipenda, kwa kuwa mgongo ukiwa ukutani hakuna wa kukujia kwa nyuma. Teke nalo halikutupa shida: lianzie nyongani, goti lisipige baiskeli, vidole vya miguu viguse tu uso wa maji. Mkono ulipita karibu na sikio, kidole kidogo kikaingia kwanza. Mtu wa gwaride hushika hesabu ya kushoto na kulia upesi kuliko watoto wangu wote wa shule.

Tatizo likawa masikio. Kila yalipoingia majini, aliinua kichwa, na kichwa kikipanda kiuno kinazama. Akawa amekaa kitako ndani ya bwawa kama mtu anayengoja chakula.

"Mimi hapana ogopa maji," alisema. "Lakini masikio ikiingia, mimi hapana sikia nani nakuja."

"Nani anakuja, mzee? Ni saa moja asubuhi. Kuna mimi na chai yangu."

"Hiyo mimi najua. Masikio hapana jua."

Wiki ya pili alipata ujanja wake: sikio moja ndani, moja nje. Kwa hiyo aliogelea upande, akagonga ukuta kwa bega, akarudi, akagonga tena. Nilimtania, nilimgombeza, nikamshikia kisogo kwa viganja vyangu na kumwambia aniachie mimi kazi ya kusikia. Asubuhi ya mwisho kabla ya mtihani alinyoosha kidevu, kitovu kikapanda, masikio yote mawili yakazama. Akaenda mita ishirini, moja kwa moja.

Alishika ukuta, akatikisa maji masikioni. "Ndani iko kimya," akasema. "Kimya hii mimi hapana pata, tangu nachukua bunduki." Nilifurahi hadi nikaona aibu.

Kesho yake Robert alisimama kando ya bwawa na karatasi. Kijana Muzamili, aliyeitaka kazi hiyo pia, alishamaliza mita zake, ovyo ovyo, akinyunyizia watu maji. Asiku, aliyeshika geti badala ya Yakubu, aliliacha akaja kutazama. Yakubu akaanza. Sijawahi kufundisha mtu mzima akaogelea vizuri vile. Alikuwa amefika mita kumi na mbili hivi wakati honi ilipolia getini, mara mbili.

Yakubu akasimama. Maji yalimfika kifuani. Akapanda ngazi, akakimbia pekupeku na kaptula inayochuruzika, akafungua geti, akapiga saluti. Lilikuwa gari la mikate.

Robert alicheka, akampigia makofi. "Askari kama huyu nitamtoa getini nimpeleke wapi?" akasema, akaandika jina la Muzamili. Alisema kwa kumsifu, na hilo ndilo lililonichoma.

Nikamfuata Yakubu. Nilikuwa na hasira naye, na Asiku, na mikate.

"Masikio yalikuwa ndani, mzee. Ulisikiaje?"

"Mimi nilijua iko gari ya mkate," akajibu. "Mimi nilitaka kuwacha. Miguu nakwenda."

Akanipa simu yake, akaniomba nimpigie Fatumah mimi. Fatumah aliitikia kabla haijalia mara ya pili. Hakunisalimu, aliuliza tu mumewe amefika mita ngapi. Nikamwambia kumi na mbili.

"Haya," akasema. "Basi iko mwisho ya mwezi."