Baba mdogo amenirudisha Uganda

Leo nimeponzwa na heshima ya ukoo.

Siku hizi nakaa Busia ya Kenya, na duka langu liko huko. Nikaenda ofisi ya kodi upande wa Uganda kueleza kwamba mimi si mkaazi tena, wasiguse mapato ya duka. Baba mdogo nikamleta awe shahidi.

Afisa akauliza, "Huku ana nyumba?"

Kabla sijafungua mdomo, mzee akasimama.
"Mwanaume wa kwetu atakosaje nyumba? Iko Dabani, kwa boma ya baba yake!"

"Basi bado ni mkaazi wetu. Mapato ya Kenya pia atuonyeshe."

Nje nikalalamika. Mzee akashangaa:
"Ulitaka niseme huna kwenu?"

Semeni nyinyi, mngemjibu nini? Mimi nimeita boda, tukaenda Dabani.