Kisasi cha Mpanga Ratiba

Jawaher binti Murshid hakuwa mtu wa kugombana. Mtu akimkosea alinyamaza, akatabasamu, akamuuliza hali ya watoto, kisha akarudi mezani kwake kumpangia. Alikuwa mpanga ratiba wa televisheni moja ya binafsi yenye ofisi zake Wattaya mjini Maskati, nyuma ya maduka ya magari, na kwa miaka mingi ni yeye aliyeamua kipindi gani kionekane saa ngapi. Watangazaji walikuwa na sura zao na wakubwa walikuwa na viti vyao vya ngozi, lakini saa zilikuwa za Jawaher.

Wakati mmoja mtangazaji kijana alimcheka mbele ya watu kwa namna alivyotamka Kiarabu, akasema Waswahili hawa wamefika Maskati miili tu, ndimi zao bado ziko njiani. Jawaher akacheka pamoja naye. Msimu uliofuata kipindi cha kijana yule kilijikuta Ijumaa mchana, wakati wanaume wako msikitini na wanawake wako jikoni wanapakua wali. Hakikumaliza msimu. Kijana alipokuja kulalamika, Jawaher alimmiminia kahawa, akamwambia kwa huruma kabisa kwamba watazamaji wa siku hizi hawatabiriki.

Kwa hiyo Humam alipaswa kujua anamchezea nani.

Humam alikuwa mkurugenzi wa vipindi. Wazee wake na mama yake Jawaher walijuana tangu Unguja, na walipofika Oman miaka ya sabini nyumba zao zilikuwa jirani mtaa wa Hamriya, wakawa wanaazimana masufuria. Yeye na Jawaher walikuwa wakizungumza Kiswahili ofisini kila walipotaka wengine wasijue wanasengenywa. Alimwita dada, na Jawaher alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja. Angekuwa mtu baki, ningesema Jawaher alizidisha. Lakini aliyemchoma ni mtu ambaye Jawaher alikuwa akimwekea sambusa zake pembeni kila Ramadhani.

Mambo yalianza pale Jawaher alipokwenda kwake na hadithi. Ilikuwa hadithi ya mama yake mwenyewe, Bi Khole, bibi harusi aliyetoka Unguja kuja kukaa kwa mama mkwe asiyejua neno la Kiswahili, akachekwa kwa chakula chake na kwa ulimi wake, akageuzwa kijakazi katika nyumba aliyoletwa awe bibi. Jawaher alisema itafaa kuwa tamthilia ya msimu mzima, na kwamba angependa kuiandika. Humam alisikiliza huku jicho moja liko kwenye simu. Jawaher alipomaliza, akamwambia hadithi ni nzuri, lakini watu wanataka mambo ya leo, kisha akaongeza neno ambalo Jawaher alitoka nalo pale na hakulitua tena. "Na wewe, dada, ni mtu wa ratiba."

Mwaka ukapita. Joto lilipoanza kulegea na watu kurudi kutoka kupunga upepo Salalah, televisheni ilifanya mkutano wake wa kila mwaka kutangaza vipindi vya msimu mpya. Waandishi walikuja, halua ikapitishwa, pazia likafunuliwa. Kwenye bango kubwa kuliko yote alisimama mwanamke aliyejitanda kanga mlangoni mwa nyumba ya Kiomani. Humam akashika kipaza sauti, akasema hii ndiyo tamthilia ya msimu, bibi harusi wa Unguja katika nyumba ya mama mkwe, na kwamba hadithi yenyewe ni ya marehemu bibi yake.

Ya bibi yake! Jawaher alimjua bibi yake Humam. Alikuwa mwanamke mnene mwenye raha zake, na mama mkwe aliyemwonea alikuwa bado hajazaliwa. Jawaher alipiga makofi na wenzake, akala kipande cha halua, akenda msalani akafungua maji ya bomba ili asisikike. Hakulia. Aliapa.

Wengine wangeitupa tamthilia ile Ijumaa mchana, lakini Jawaher aliona hiyo ni adhabu ya wajinga. Alitaka Humam aanguke kutoka juu, watu wamtazame. Akaipa nafasi nzuri kuliko zote, kila Jumatatu baada ya Magharibi, watu wameshasali na chai iko mbele yao. Akaitangaza katikati ya habari na katikati ya mpira. Baada ya wiki chache hakukuwa na harusi wala msiba ambako watu hawakumzungumzia yule bibi harusi, na Humam alianza kutembea ofisini kama mtu aliyezaliwa upya. Alimshukuru Jawaher mbele ya watu. Jawaher akamjibu kwamba hiyo ni kazi yake tu.

Yeye mwenyewe hakutazama hata sehemu moja. Jumatatu alibaki ofisini kwa makusudi hadi tamthilia iishe, kisha akarudi kwao Mawaleh, akamkuta Bi Khole kakaa mbele ya televisheni iliyokwisha kuzimwa. Mama hakusema kitu juu ya alichokiona. Aliuliza tu kama Jumatatu ijayo atawahi kurudi, na Jawaher kila mara alisema kazi ni nyingi.

Sasa lazima nieleze kitu kimoja cha kazi yao. Adhana katika televisheni ile haikungoja mtu. Wakati ukifika inaingia yenyewe, picha ya msikiti na sauti ya muadhini, na kipindi kilichokuwa hewani kinaendelea kwenda chini yake bila kuonekana wala kusikika. Kilichopita kimepita. Ndiyo maana mpanga ratiba hutafuta mapema adhana itaangukia wapi, akasimamisha kipindi hapo, na adhana ikimalizika kipindi kinaendelea kilipoachwa. Siku zinavyofupika adhana nayo inasogea, na mpanga ratiba anasogea nayo. Jawaher aliifanya kazi hiyo msimu hadi msimu na hakuwahi kukosea.

Sehemu ya mwisho ya tamthilia ilikuwa ndefu kuliko zote, na ilikuwa lazima ikutane na Isha. Magazetini Humam alishasema kwamba mazungumzo yote ya msimu yalikuwa yakielekea mahali pamoja tu, pale mlangoni mwishoni kabisa, bibi harusi atakapomjibu mama mkwe. Alikodi ukumbi wa hoteli, akatundika kiwambo kikubwa, akaalika wakubwa, wafanyabiashara na waigizaji, ili watazame pamoja na taifa zima. Jawaher alifungua ile sehemu mezani kwake bila sauti. Akaipeleka mbele hadi akaona wanawake wawili wamesimama mlangoni. Akapima. Akaisogeza tamthilia nzima kidogo, akaongeza tangazo la manukato mwanzoni, hadi mlango ule ukakaa chini ya Isha barabara. Pumziko hakuliweka.

Alifurahi. Sitamsingizia kwamba moyo ulimpiga au mkono ulimtetemeka. Alichopenda zaidi ni kwamba Humam hatakuwa na la kusema. Umeme ukikatika mtu hupiga kelele, mtambo ukiharibika mtu hufukuza fundi, lakini nani katika ukumbi mzima wa Waislamu atasimama aseme adhana iondolewe? Atakaa ameinamisha kichwa, anamjibu muadhini kwa adabu, huku jawabu lake alilolipigia zumari msimu mzima linapita chini bila kusikiwa na mtu.

Aliyeona ni Truphena peke yake, Mkenya wa chumba cha mitambo, ambaye ndiye angekuwa zamu jioni ile. Alikuja na ratiba mkononi, akasema kwa upole kwamba hii ya mwisho haina break ya adhana, na hajawahi kuona Madam akisahau. Jawaher alimwambia airushe ilivyo. Truphena alimtazama kidogo. "Sawa, Madam," akasema. "Lakini hiyo si kusahau." Jawaher akamwambia arudi kazini.

Jumatatu yenyewe Bi Khole alimpigia simu mwanawe tangu asubuhi. Hakuomba safari hii. Alisema leo nnakutaka nyumbani kabla ya Magharibi, na akakata simu. Jawaher akaona bora zaidi, ataitazama starehe yake akiwa amekaa kitako.

Alipofika alikuta nyumba imefukizwa udi. Bi Khole alikuwa amevaa kanzu yake ya hariri ya kijani, ile ya Idi, na mkate wa kumimina uko mezani na chai ya maziwa kwenye chupa. Jawaher alimwamkia, akauliza nani anakuja. Bi Khole akasema haji mtu, akapigapiga kochi mahali pa kukaa, karibu yake kabisa.

Wakatazama. Ilikuwa mara ya kwanza Jawaher kuona sura ya yule bibi harusi ikitembea, na alikereka kuona amefanywa vizuri, hata namna ya kujifunga kanga, hata namna mama yake anavyosimama anapoudhika, mkono mmoja kiunoni na uso pembeni. Mwizi kaiba na vyombo vyake, akajisemea. Chai ikapoa. Bi Khole hakugusa mkate. Bibi harusi akafika mlangoni, mama mkwe akamfuata, akanyoosha kidole ndani ya nyumba ambako mtoto alikuwa akilia, akafungua mdomo.

Adhana ikaingia.

Jawaher aliinamisha uso kuficha kicheko, na huku akimsikia mama yake akimjibu muadhini pole pole, neno kwa neno, alimwona Humam akilini mwake, kule hotelini, anajibu vile vile, mikono mapajani. Ilikuwa tamu kuliko alivyotarajia. Adhana ilipomalizika, majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda.

Hazikupita dakika nyingi simu ikalia. Alikuwa Humam. Jawaher akatoka nayo hadi barazani ili aonje vizuri kilio chake.

"Dada Jawaher, Bi Khole kasikia?" Humam aliuliza. Nyuma yake vikombe vilikuwa vinagongana na watu wanazungumza. "Huku si neno, watu wataiona kesho kwenye simu zao. Yeye ndiye nliyemuahidi."

Jawaher akauliza kasikia nini.

"Jawabu lake. Alinikataza nisikwambie. Alinikataza hata kumtaja, ndiyo nikasema ni bibi yangu. Alitaka mkae pamoja."

Jawaher alikata simu, akarudi ndani. Bi Khole alikuwa bado ameelekea televisheni, na televisheni ilikuwa inaonyesha gari linapanda mlima.

"Maneno yangu yako wapi?" Bi Khole akauliza.

Jawaher akasema ilikuwa adhana.

"Adhana nimeisikia, alhamdulillahi. Nnauliza maneno yangu."

Kisha akaeleza, taratibu, bila kumtazama. Humam alikuja pale wakati Jawaher yuko kazini, akasema mwanao kanipa mifupa ya hadithi na mimi nimekosa usingizi nataka nyama. Bi Khole akampa. Akampa na kile ambacho Jawaher hakuwahi kukisikia, kwamba yule mama mkwe, bibi yake Jawaher, alimwambia Bi Khole pale mlangoni amwache mtoto, Jawaher mwenyewe, na yeye arudi kwao Unguja, tikiti ipo, mtoto ni wetu na wewe hatukutaki. Na Bi Khole akamjibu. Na baada ya jawabu hilo alikaa katika nyumba ile miaka yote iliyofuata, akiosha na kupika na kuchekwa.

Jawaher akauliza, kwa sauti ambayo hakuijua, alimjibu nini.

"Hilo siwezi kukwambia, mwanangu. Humam nlimwambia kwa kuwa si mwanangu. Nikikwambia wewe nnakusimanga, nnakwambia nimedhalilika kwa ajili yako. Mimi sikukuzaa nikusimange. Nlitaka ulisikie kwa watu, mimi niko pembeni nnakunywa chai."

Jawaher akasema anayo kazini, kesho ataileta watazame pamoja.

"Kesho itakuwa nimekukalisha makusudi. Leo ilikuwa televisheni tu."

Jawaher alitaka kumwambia kwamba Humam alimdharau, kwamba neno lile la mtu wa ratiba bado liko moyoni mwake, kwamba kila mtu angefikiri alivyofikiri yeye. Yote hayo yalikuwa kweli. Hasira bado ilikuwepo, na sasa haikuwa na mtu wa kumwendea.

Bi Khole aligeuka, akamtazama mwanawe usoni kwa mara ya kwanza tangu tamthilia iishe. Aliijua kazi yake. Alishasimuliwa mara nyingi, kwa majivuno, namna adhana inavyotafutiwa nafasi.

"Ulisahau?" akamuuliza.

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mtu yeyote husahau, na mama angemsamehe hapo hapo na kumkatia mkate.

"Sikusahau, mama."

Bi Khole alibaki akimtazama, akingoja kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Akainuka, akachukua kanga yake ya kusalia begani mwa kiti, akasema Isha inamngoja. Akaingia chumbani kwake, na mlango ambao tangu kufa kwa mumewe alikuwa akiuacha wazi, akaurudisha taratibu hadi ukafungika.