Kofia Niliyoitoa Kwenye Koki ya Mvuke

Wasomaji, nimeuomba ukurasa huu unisitiri jina. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na miwili, nimesoma, na ni karani katika kiwanda kimoja hapa Unguja kinachochemsha makonyo ya karafuu kutoa mafuta. Kazi yangu ni kupanga matengenezo: mashine ipi itiwe grisi, tangi lipi lisafishwe, siku gani na kwa muda gani. Ratiba niliibuni mwenyewe, nikaibandika ukutani, nikaipenda kuliko nilivyowapenda watu waliopaswa kuifuata.

Mkuu wa mafundi, nitamwita Fundi Makame, hakuijali sana. Alikuwa na desturi yake. Akitaka kuingia ndani ya tangi, hufunga koki inayoingiza mvuke humo na kuivika kofia yake. Kiwanda kizima kilijua: kofia ikiwa pale, ndani mna mtu. Niliwahi kumwambia nitamwandikia kibao kizuri cha kutundika. Akacheka. "Kibao hakina mwenyewe, mwanangu. Kofia ina kichwa chake."

Siku hiyo tulitazamia wageni wakubwa wa serikali, na meneja alituamuru tusiache uchafu popote. Nikapita na kitambaa. Kofia ilikuwa kwenye koki, imejaa grisi. Kwa mujibu wa ratiba yangu, tangi lilikuwa limeshasafishwa saa nne. Ilikuwa saa nne na robo. Sikugonga tangi. Sikuita. Niliitoa kofia, nikaitia mkobani mwa fundi pamoja na muhogo wake, nikarudi ofisini nimeridhika.

Msimamizi wa zamu alikuja, akaona koki haina kitu, akaifungua. Nilichokisikia sitakieleza. Fundi Makame hakufa, lakini miguu yake haitambeba tena.

Juzi nilikwenda kumtazama kwake Chukwani. Mkewe alinikaribisha, akaniuliza hali za nyumbani, kisha akanionesha ile kofia, ameshaifua. Alisema waliikuta mkobani, na tangu hapo mumewe hana neno ila moja, kwamba akili imemtoka. Nilipomwamkia fundi aliitikia marahaba kwa sauti ndogo, akanitazama.

"Miaka yote sikuwahi kusahau. Wewe una macho mazima. Uliiona kofia pale?"

"Sikuiona, mzee."

"Basi nshazeeka. Alhamdulillahi nimejiunguza mwenyewe, sikumuunguza mwenzangu."

Nilipoaga alinipa kofia ile nimpe atakayeshika kazi yake, nimwambie asije akasahau kama yeye.

Meneja ameshaandika ripoti. Inasema fundi hakuweka alama, na kwamba ratiba ya karani ilikuwa sahihi. Inangoja sahihi yangu, mimi shahidi. Nikisema kweli, mnajua siku hizi: mtu akiumia na mashine mbele ya wageni wa serikali, neno la kwanza ni hujuma, na anayetajwa haulizwi mara mbili. Mama yangu hana mwengine ila mimi. Nikinyamaza, mzee yule atakwenda kaburini akiamini kuwa kichwa chake kilimsaliti, na mimi ndiye niliyemhakikishia.

Kofia imo katika mtoto wa meza yangu. Ripoti iko juu ya meza. Kila asubuhi nakaa baina ya viwili hivyo na mkono huu mmoja ulioitoa kofia. Nanyi mnaonisoma, nipeni shauri: niushikishe kalamu, au niurudishe Chukwani?