Ndara za Nasambu

Wenye maduka Bungoma ni wajanja: hawataji bei kabla ya kutazama miguu yako. Kwa hivyo Nasambu, fundi wa cherehani kutoka Myanga, alizoea kuficha viatu vyake vya bei kikapuni na kuingia na ndara zilizochoka.

Mama yake alipohitaji blanketi zito, Nasambu alisikia kuna supamaketi mpya Kitale ambako kompyuta hutoa bei moja kwa tajiri na maskini. Akaenda, na ndara akavaa kwa mazoea. Askari akamzuia mlangoni.

“Mama, hapa hatutoi msaada, bana.”

Nasambu akamtazama kwa dharau. “Ati kompyuta yenu haina macho, ndiyo wakakuandika wewe uangalie miguu?”

Akampita, ndara zikipiga makofi sakafuni mpaka kwenye mablanketi.