Dada Hansa na Mikono ya Nyuma ya Pazia

Tangu Jumanne naambiwa, na kichwa kinakataa. Dada Hansa amefariki. Presha, wanasema, ghafla tu, akifungua duka lake la dawa pale Kensington, hapa Joburg.

Nimelia. Sasa nimekasirika, na nitaandika nikiwa hivyo hivyo.

Kwa wasiomjua: Hansa alikuwa tabibu wa Ayurveda, ile tiba ya asili ya Kihindi. Mzaliwa wa Tanga. Alikutana na mumewe Anil huko Morogoro, Anil akiwa uhamishoni, amekimbia ubaguzi wa rangi. Uhuru ulipokuja hapa South Africa, akamfuata Joburg na mabegi yake, na Kiswahili chake cha kutusahihisha sisi Wakenya.

"Kerubo, 'hiyo kitu' ndiyo nini? Kitu hicho!" Kila tukikutana. Mbele za watu.

Sasa naona mnayoandika humu kwenye group. "Alikuwa anashika mkono tu, anajua ugonjwa wote." "Alikuwa na vidole vya ajabu." Jameni! Nani kawaambia? Huyu mama aligombana na wenzake kwa sababu alikataa kusema hivyo.

Ngojeni niwaambie. Nilikuwepo.

Nilikuwa coordinator wa utafiti mmoja wa chuo. Swali lenyewe lilikuwa rahisi. Matabibu kadhaa wa Ayurveda wakimpima mtu yuleyule mapigo ya mkono, watasema kitu kimoja? Na tabibu akimpima tena baadaye bila kujua ni nani, atasema alichosema mwanzo?

Wao hugawa miili kwa hulka tatu: vata, pitta na kapha. Dawa inatoka hapo. Hulka ikikosewa, na dawa imekosewa.

Basi tukatundika pazia. Mgonjwa anapitisha mkono tu. Hakuna kuonana, hakuna kuongea.

Hakuna kuongea! Mwambie Hansa!

"Mama, umelala vizuri?" analiuliza pazia.

"Dada Hansa, protocol!"

"Protocol imeumwa tumbo? Namuuliza mtu."

"Huruhusiwi kumuuliza mtu."

"Sasa namtibu nani, kiwiko?"

Aki nilitaka kuacha kazi. Supervisor ananipigia simu anataka data, na data yangu inapiga soga na mgonjwa.

Siku moja mvua ikanyesha vibaya na mtu mmoja wa kupimwa hakutokea. Anil alikuwa amemletea mkewe chakula. Nikamvuta nyuma ya pazia, nikamwambia afunge mdomo. Hansa akamshika mkono asubuhi. Mchana nikamrudisha, nimemchanganya na wengine.

Wiki kadhaa baadaye tukaitisha meeting ya matokeo. Nikasoma: "Dada Hansa, kuna mtu asubuhi ulisema pitta, moto mwingi, hasira za karibu. Mchana ukasema kapha. Mzito, mpole, mpenda usingizi."

"Nani huyo?"

Anil alikuwa mlangoni, amekuja kumchukua. Nikamnyooshea kidole. "Ni mimi, mama."

Watu walicheka mpaka machozi. Hansa hakucheka.

Na si yeye peke yake. Matabibu walipokaa na mgonjwa bila pazia, wakamtazama ulimi, wakamuuliza anakulaje na analalaje, majibu yao yalikaribiana. Kwa mkono peke yake, kila mtu alikuwa na lake.

Mkubwa wao akakohoa. "Hii ya pazia tuiache. Watu watatucheka. Tutoe ile ya kukaa na mgonjwa."

Vichwa vikakubali, kimoja baada ya kingine. Hansa akasimama.

"Mimi nimeshindwa kumjua mume wangu ninayelala naye. Andikeni. Kuna mtu atameza dawa kwa sababu ya vidole hivi."

"Hansa, unaiua kazi yetu."

"Naipima. Mbona wagonjwa tunawapima na hawafi?"

Ikaandikwa. Na eish, alilipa. Wenzake wakaacha kumpelekea wagonjwa. Wagonjwa wengine wakahamia kwa tabibu wa mtaa wa pili, yule anayejua yote bila kuuliza.

Yeye akazidi kuuliza. Umekuja na koo, unaulizwa habari za choo. Na akiona jambo haliko sawa, anakutuma hospitali, umekasirika, hukupewa hata chupa moja.

"Dada, si unyamaze tu?" nilimwambia. "Wateja wanaisha."

"Waende. Nyumbani kuna maharage."

Ndivyo alivyokuwa! Unabishana naye vipi?

Jana, baada ya mwili kuchomwa kwa desturi yao, tulikaa nyumbani kwao Bertrams. Mama mmoja Mkongo akanisogelea. Sikumjua. Akaniambia alienda kwa Hansa mwaka jana.

"Mi nilitaka anishike mukono tu, anipatie dawa, nirudie kwangu. Yeye anauliza. Unakunywa mayi mingi? Unaamuka usiku kukojoa? Kisha anafunga duka, ananiingiza mu gari."

"Mkaenda wapi?"

"Hospitali! Nilimukasirikia njia yote, ku kila robot, zile taa za njia. Nikamwambia, weye si munganga, weye ni taxi."

Hospitali wakakuta sukari imepanda vibaya. Daktari akamkataza asirudi nyumbani. Hansa alikaa naye kwenye benchi mpaka akapewa kitanda.

Nikamuuliza kama mapigo yake yalimwambia kitu Hansa.

"Hapana. Alishika, akasema, 'Hapa sioni kitu, mama, twende.'" Akafuta macho kwa kanga yake. "Njo maana niko muzima."

Basi nyinyi wa vidole vya ajabu, andikeni hiyo.

Dada yangu, Anil tutamtunza. Duka tumelifunga vizuri. Hasira zangu zitaisha, lakini si leo. Ulale salama, Dada Hansa wa Tanga.